Benchi la Bluu

Asubuhi zote katika chumba cha Fundi zilianza na vita vidogo. Mpiganaji mkuu alikuwa mtoto mchanga ambaye hata shingo haijakaza. Mama yake, ambaye mtaa wote ulimwita Fundi kwa ushonaji wake, alimlaza mapajani, akavuta dawa ya maji kutoka kwenye chupa kwa bomba dogo lisilo na sindano, akaliinua kwenye mwanga wa mlango kuhakikisha kipimo, kisha akasema, "Haya, mshike." Hapo Kiberiti alimshika mdogo wake mikono. Bwana mdogo alikunja uso, akarusha mateke, akameza, halafu akawatazama wote wawili kama watu waliomwibia.

"Anatukasirikia," Kiberiti alisema, akicheka.

"Kakurithi wewe," mama alijibu. "Hasira za nyumba hii zina mwenyewe."

Ni kweli. Jina la Kiberiti alipewa na baba yake, fundi mwashi, kwa sababu binti huyo aliwaka upesi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakuvumilia kuonewa wala kuona mtu akionewa. Baba alikuwa mji mwingine akijenga madarasa, na alipiga simu kila jioni kuuliza kwanza habari ya matone ya mtoto, kisha habari nyingine.

Baada ya matone, mama alimeza kidonge chake kwa maji, akafuta mdomo na kuketi kwenye cherehani. Kiberiti alijua kidonge kile ni cha nini. Alipoanza kuuliza maswali, mama hakumdanganya. Alimkalisha juu ya rundo la vitambaa akamwambia, "Mimi na baba yako tuna virusi vya UKIMWI. Wewe ulipimwa, huna. Tunameza dawa kila siku, kwa hiyo virusi vimelala, havina nguvu ya kutuangusha. Nikimeza bila kuruka, na mdogo wako akipata matone yake, nitamnyonyesha na atakua salama. Hili si jambo la kulitangaza njiani, lakini pia si dhambi. Umenielewa?"

Kiberiti alielewa. Tangu siku hiyo aliyashika matone ya mdogo wake kama askari anavyoshika zamu.

Basi ikaja siku ya kliniki ya mama na mtoto. Shule ilikuwa imefungwa kwa mkutano wa walimu, hivyo Kiberiti alikwenda na mama kumsaidia kubeba mkoba wa nepi. Walipofika kituo cha afya, mapokezi palikuwa pamejaa kina mama na vilio vya watoto. Nyuma ya meza alisimama karani ambaye watu walimwita Bwana Kipaza. Hakuhitaji kipaza sauti. Akikohoa, waliokuwa sokoni waligeuka.

"Wa kupima uzito, ndani!" alinguruma. "Wa chanjo, ndani! Nyie wa dawa za kila siku, benchi la bluu, nje! Utaratibu mpya huo! Haya, haya, msinijazie mlango!"

Mama alisimama pale pale. "Nje wapi, kaka?"

"Kwani huoni? Pembeni, kando ya dirisha. Nyie wa dawa mnajijua!"

Vichwa viligeuka. Mama aliinamisha uso akatoka.

Benchi lilikuwa limepakwa rangi mpya, bluu iliyong'aa kama bango la duka. Lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa nje, likitazamana na njia ya kwenda sokoni. Kila aliyepita aliwaona waliokaa hapo, mmoja baada ya mwingine, kama bidhaa zilizopangwa. Dada mmoja kijana aliyejifunga mtandio wa zambarau alikuwa ameuvuta hadi puani, na mtoto wake amemfunika gubigubi ingawa jua lilikuwa kali.

"Mtoto atakosa hewa, mdogo wangu," mama alimwambia kwa upole.

"Bora akose hewa kidogo kuliko mama mkwe wangu apite hapa," yule dada alinong'ona.

Mama mkwe hakupita. Aliyepita alikuwa Mama Twiga, jirani yao, na kikapu chake mkononi. Aliwaona, akapunguza mwendo, akalisoma benchi zima kwa macho kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaendelea na safari bila salamu.

Siku iliyofuata, Kiberiti alipoingia darasani, wenzake wa dawati moja walisogea hadi ukingoni. Twiga, binti wa yule jirani, msichana mrefu mwenye shingo iliyompa jina, aligeuka kutoka dawati la mbele.

"Usinishike," alisema. "Mama amesema mama yako anakaa lile benchi la bluu. La wenye UKIMWI."

Kiberiti hakujibu kwa mdomo. Alimrukia. Walipotenganishwa, kola ya Twiga ilikuwa imechanika na kifungo kimepotea, na mwalimu wa darasa alitaka kujua kulikoni. Twiga alilia tu. Kiberiti alibana meno. Angesemaje? Akisema sababu, darasa zima lingesikia tena. Aliadhibiwa kufagia uwanja wa shule peke yake, na kila alipofagia alijiuliza, kosa la mama ni lipi? Ni kumeza dawa? Ni kutaka mtoto wake awe mzima?

Alipomweleza mama jioni, mama hakumkemea kwa sauti. Alinyoosha mkono. "Kola iko wapi? Kalichukue shati la mwenzako. Utaishona mwenyewe."

"Mimi? Baada ya alivyonitukana?"

"Kosa lake ni lake. Kuchana nguo ni kosa lako."

Kiberiti aliishona huku machozi yakimdondoka juu ya uzi, na akalipeleka shati bila kusema neno. Twiga alilipokea bila kumtazama.

Lakini kola si kitu kigumu kushona. Kilichochanika nyumbani kwao kilikuwa kikubwa zaidi. Mwanamke aliyeleta kitambaa cha harusi ya mdogo wake alirudi kukichukua kabla hakijakatwa. "Tumeahirisha," alisema, akikishika kwa ncha za vidole. Mwingine alimtuma mtu kufuata gauni ambalo lilikuwa limebaki mikono tu. Cherehani iliyokuwa ikinguruma hadi jioni sasa ilikaa kimya mchana mzima, na mama alikaa mbele yake ameshika tama.

Siku ya kliniki ilipofika tena, mama hakuvaa viatu vya kutokea.

"Mama, leo si kliniki?" Kiberiti aliuliza, sare ya shule mwilini.

"Nina kazi."

"Kazi gani? Hakuna kitambaa hata kimoja."

"Nenda shule, Kiberiti."

"Chupa ya mtoto inakaribia kwisha. Na vidonge vyako pia, nimeona kopo." Sauti ilianza kumpanda. "Wewe ndiye uliyesema bila kuruka! Ulisema ukiruka, virusi vinaamka, vinaweza kumpata kwenye maziwa!"

Mama aligeuka kwa ghadhabu ambayo Kiberiti hakuwahi kuiona. "Unadhani sijui? Nimezaa mimi, sijui? Lakini kila nikikaa pale ninauzwa kama nyanya! Kila mpita njia ananigeuza, ananipima, anaondoka na habari zangu. Leo wamechukua vitambaa. Kesho mwenye nyumba atataka chumba chake. Nitawalisha nini? Niambie!"

Mtoto alishtuka akaanza kulia. Mama alimchukua, akamkumbatia, na hasira yote ikayeyuka ikawa machozi. Kiberiti alisimama mlangoni na mkoba wake. Moyoni alikuwa akiwaka moto. Safari hii hakumwona Twiga mbele ya macho yake, wala Mama Twiga. Aliona ubao mrefu uliopakwa rangi ya bluu.

Jioni, badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja, alikata kona akaingia kituo cha afya. Wagonjwa walikuwa wameondoka. Kwenye chumba cha dawa alimkuta muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Sista, akifungua maboksi yaliyofika siku hiyo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si binti wa Fundi? Mama yako yuko wapi? Leo nimemngoja hadi nimechoka." Sista aliweka boksi chini kwa kishindo. "Na si yeye tu. Karibu nusu ya kina mama wangu hawaonekani siku hizi. Dawa hizi hapa, bure kabisa, tena mpya. Wanataka nini zaidi? Uzembe tu! Kina mama wa siku hizi ni wazembe!"

Hilo neno lilikuwa njiti, na aliyelisikia alikuwa Kiberiti.

"Mama yangu si mzembe!" alipaza sauti mpaka Sista akavua miwani. "Anaamka kabla ya jogoo kuwika ili ampe mtoto dawa! Hajawahi kuruka hata siku moja! Ni lile benchi lenu! Mmewaweka njiani kama nyanya, Bwana Kipaza anawapigia kelele, watu wote wanawaona. Shuleni hakuna anayetaka kukaa na mimi. Wateja wamechukua nguo zao. Mama anaogopa kurudi, na chupa ya mdogo wangu inakwisha, halafu wewe unasema uzembe! Wewe umewahi kukaa pale?"

Alikuwa amemfokea mtu mzima, tena muuguzi. Alingoja kofi au kufukuzwa.

Sista alivuta kiti, akaketi. "Hapana," alisema taratibu. "Sijawahi kukaa pale. Mganga mkuu alisema foleni ni ndefu, tuwatenganishe, nami nikaona ni mpango mzuri. Hatukumuuliza mama hata mmoja."

Aliliweka boksi katikati yao. Lilikuwa na mihuri na maandishi ya lugha ambazo Kiberiti hakuzijua.

"Unaona hili? Nilipoanza kazi, sikuwa na kitu cha kuwapa kina mama. Nilizika watoto. Wataalamu wakahangaika miaka kwenye maabara hadi dawa ikapatikana. Wagonjwa wenyewe wakaandamana, mataifa yakachangishana, ili ifike hata kwa asiye na kitu. Dawa hii imepanda meli, imepanda lori, imepita kwenye matope, imefika hadi chumba hiki. Bado hatua chache tu ifike mdomoni mwa mtoto. Na hizo hatua chache tumeziziba sisi wenyewe, kwa benchi." Alitikisa kichwa, na Kiberiti aliona kwamba naye alikuwa amekasirika, tena sana. "Nenda nyumbani, mwanangu. Nitakuja. Sitavaa sare, tusije tukawaongezea watu la kusema."

Kesho yake Sista alifika kwa Fundi amevaa gauni la kawaida, kitambaa cha maua kwapani, kama mteja yeyote. Alimwomba Fundi ampime. Fundi alimzungushia utepe kiunoni bila tabasamu.

"Najua umefuata nini, Sista," alisema. "Huna haja ya kujificha nyuma ya kitambaa."

"Kitambaa nataka kishonwe kweli. Na nimekuja kuomba radhi."

"Radhi!" Fundi aliuachia utepe. "Mlituambia tupime, tukapima. Mlituambia tumeze, tukameza. Mlituambia tuwalete watoto, tukawaleta. Tumewatii kwa kila kitu. Halafu mkatuanika! Wewe unapoumwa jino, kuna anayekutangaza sokoni?"

"Hakuna."

"Basi."

Sista alikubali kila neno, hakujitetea. Alitoa mfukoni dawa za mama na chupa ya mtoto, akaziweka juu ya cherehani. "Hizi ni za kukufikisha siku ya kliniki. Mganga mkuu nimezungumza naye, anasema atalifikiria. Mimi nakuomba uje. Mtoto amefikia kipimo chake cha kwanza."

"Nitakuja," Fundi alisema. "Lakini kwenye benchi lile sikai. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze mbele za watu."

Na alikuja. Siku hiyo mwalimu alimpa Kiberiti ruhusa, na yeye ndiye aliyebeba mkoba. Mama alipita mlango wa mapokezi akiwa amenyoosha shingo, akatafuta nafasi katikati ya ukumbi, akaketi. Jirani yake upande wa kushoto, mtoto wake mdogo mgongoni, alikuwa Mama Twiga. Mama Twiga alivuta upande wa sketi yake.

Bwana Kipaza alimwona. "Wewe mama! Wewe ni wa nje! Benchi la bluu!"

"Nimekuja kliniki ya mama na mtoto," mama alijibu. "Mimi ni mama. Huyu ni mtoto. Hii ni kliniki."

Watu wawili watatu walicheka. Bwana Kipaza alivimba. "Usinifundishe kazi! Huu ni utaratibu! Kila mtu na benchi lake! Na kwa taarifa yenu, kuanzia wiki ijayo wa presha na wa kisukari nao watatengewa benchi lao huko nje, la kijani! Tumechoka na msongamano!"

Mama Twiga akasimama polepole.

"Wa presha?" aliuliza. "Mimi nina presha tangu mimba ya huyu. Unataka nikakae barabarani ili kila mtu ajue?"

"Utaratibu, mama."

"Utaratibu gani wa kuwavua watu nguo!" Mama Twiga alimtazama Fundi, na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyejikuta amesimama mahali ambapo jana alimcheka mwenzake. Aliketi tena, safari hii akisogea karibu. "Fundi, usiondoke hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Akikutoa, anitoe na mimi."

Kiberiti alichungulia dirishani. Benchini walikuwa wamekaa kina mama wachache tu. Alitoka mbio. "Mama yangu kaketi ndani na hajatoka," aliwaambia. "Ingieni!" Walitazamana. Mmoja akainuka, akamfunga mtoto wake vizuri, akaingia. Kisha wa pili. Kisha wote. Benchi la bluu likabaki tupu juani.

Bwana Kipaza alipaza sauti hadi mganga mkuu akatoka ofisini kwake. Sista naye akatoka, akasimama upande wa kina mama, mikono kiunoni.

"Daktari, ulisema utalifikiria," alisema. "Fikiria sasa hivi. Benchi lile lilikuwa la kupunguza foleni, na kweli limeipunguza. Waliopungua ni watoto wanaohitaji dawa."

Mganga mkuu aliutazama ukumbi, akatazama nje, akapangusa jasho. "Mimi nilitaka kurahisisha kazi," alianza.

"Kazi ya nani?" mama aliuliza.

Mganga mkuu alimgeukia Bwana Kipaza, akamwambia akaliondoe benchi. Kabla ya mchana benchi lilikuwa limeondolewa. Kuanzia siku hiyo mlango ulikuwa mmoja na foleni moja, na kila mama alipewa dawa zake ndani ya chumba cha Sista, mlango umefungwa, kwenye mfuko sawa na wa mtu aliyekuja kwa kikohozi. Bwana Kipaza alilalamika kwamba yeye alitumwa tu. Akaamriwa kusogea karibu na mgonjwa na kuzungumza kwa sauti ya chini, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kunong'ona, wiki nzima alipumulia masikio ya watu hata hawakumsikia anasema nini.

Majibu ya kipimo cha bwana mdogo yalipotoka, Sista aliyasoma mwenyewe. "Hana virusi," alisema. "Tutampima tena, na cha mwisho ni baada ya kuacha kunyonya. Wewe endelea na vidonge vyako bila kuruka." Mama alifunika uso kwa mikono akalia, na mtoto akamtazama kwa mshangao.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini dada wa mtandio wa zambarau hakuwa miongoni mwa walioingia ndani siku ile. Alikuwa ameacha kuja muda mrefu, yeye na dawa zake. Sista na Fundi walimtafuta hadi wakampata, wakakaa naye, wakambembeleza, akarudi. Mtoto wake alipopimwa, virusi vilikutwa.

Kiberiti alisikia habari hiyo nyumbani, mama akimwambia baba kwenye simu. Alitupa chini kitambaa alichokuwa akikunja. "Atakufa?"

"Hapana," mama alisema. "Ameanza dawa leo hii, na akizitumia atakua, atasoma, atakukimbiza uwanjani. Lakini atazimeza maisha yake yote."

"Kwa sababu ya benchi!"

"Benchi lina sehemu yake. Na kila aliyepita akatucheka ana sehemu yake."

"Nani ataadhibiwa? Hakuna! Wameondoa mbao, basi, yamekwisha?" Machozi ya hasira yalimtoka. "Mimi nina hasira, mama. Haziishi."

Mama alimvuta akamketisha karibu. Mlangoni, Twiga na mama yake walikuwa wamesimama, wameleta kitambaa cha kushona. Mama aliwakaribisha ndani kwa mkono, akaendelea kusema ili wote wasikie.

"Hasira si kitu kibaya, mwanangu. Bila hasira yako ningekuwa nimekaa hapa na chupa tupu. Lakini angalia ulivyoitumia. Mara ya kwanza uliipeleka kwa mtoto mwenzako, tukapata kola iliyochanika. Mara ya pili uliipeleka mahali penye kosa, ukaitia maneno ya kweli, na watu wazima wakasikia. Kuugua si aibu. Anayemeza dawa zake na kumpeleka mtoto wake kliniki amefanya la kusifiwa. Aibu ni ya anayemcheka hadi akaogopa kurudi, maana huyo amemnyima dawa sawasawa na aliyeimwaga chini. Dunia nzima imehangaika kutuletea dawa. Sisi kazi yetu ni ndogo. Tusisimame njiani."

Twiga alitazama chini. "Nisamehe, Kiberiti," alisema. "Na darasani nitawaambia nilikosea."

"Utawaambia nini hasa?"

"Kwamba hakuna sababu ya kukuhama. Nitakaa na wewe dawati moja."

Mama Twiga akakiweka kitambaa chake juu ya cherehani na kusema, "Shona taratibu, Fundi, sina haraka."

Nje, Sista aliita. Fundi alimfunga mtoto mgongoni na kuvaa viatu vya kutokea.

"Mnakwenda wapi?" Kiberiti aliuliza.

"Kuwatafuta wengine," mama alisema. "Kuna kina mama ambao bado hawajarudi."